Kaka anasema kila picha ya Ulaya ni tofali nililolitupa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa Ujiji, sijaolewa. Nilipomaliza kidato cha sita nilisoma Kijerumani kwa tabu, nikapata mkataba wa mafunzo ya uuguzi Ujerumani. Ni yale mafunzo ya miaka mitatu ambayo wiki hii uko darasani, wiki ile uko kazini, na kila mwezi unalipwa. Nilikaa Oldenburg, mji wa kaskazini magharibi, katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilipofaulu wakaniajiri, nikafanya mwaka na ushee. Sasa nina miezi minne tangu nirudi Kigoma, maana mama alianguka akavunjika nyonga na hapakuwa na mtoto wa kike wa kumwogesha.

Mama anaendelea vizuri, anatembea na mkongojo. Tatizo langu ni kaka.

Katika miaka ile nilisafiri sana. Watu hapa wanadhani kuzunguka Ulaya ni utajiri. Ukiwa na kibali cha kuishi Ujerumani, nchi nyingine za Schengen unaingia bila kuomba viza, mradi usizidishe siku 90 ndani ya kila siku 180. Mabasi ya usiku ni rahisi ukikata tiketi mapema. Unalala hosteli, watu wanane chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, mkoba umeufunga mguuni. Chakula unabeba. Mwenye kuuliza kwa nini sikutulia nyumbani, Shangazi, hajawahi kuishi huko sikukuu ikimkuta. Krismasi mji mzima unafungwa, kila mtu yuko kwa mama yake, wewe uko chumbani na kipasha joto. Idi yetu nayo inaangukia siku ya kazi, unavaa sare unakwenda zamu. Nikaona afadhali niwe mgeni katika mji wa watu kuliko kuwa mgeni katika mji ninaolipia kodi ya nyumba.

Safari ya kwanza ilikuwa Papenburg, hapo karibu tu. Kilichonipeleka ni Liemba. Meli iliyokuwa ikitupeleka Karema kwa bibi tukiwa wadogo iliundwa pale mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Nilizunguka kwenye mifereji yao nikipiga picha kama mwendawazimu. Baadaye nikaenda Berlin kumwona mjusi mkubwa wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa Lindi kabla ya Vita vya Kwanza, kasimamishwa na urefu wa kwenda juu wa zaidi ya mita 13. Lisbon nilikwenda kwenye kaburi la Vasco da Gama, yule tuliyekaririshwa shuleni kwamba alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Prague, Rotterdam na Paris nilikwenda kwa sababu tiketi zilishuka bei, basi. Kote huko nilipiga picha na kuziweka status.

Baba aliugua nikiwa ninamalizia mafunzo. Alipewa rufaa ya Mwanza. Mimi nilituma nilichokuwa nacho, kaka akauza injini ya mtumbwi wake wa dagaa. Ada za wadogo zetu wawili nilikuwa ninalipa mimi. Baba alifariki usiku, kesho yake akazikwa, mimi niko kazini. Wakati huo kadi yangu ya kibali cha kuishi, ile ya mafunzo, ilikuwa imekwisha muda, ya kazi haijatoka, na ile karatasi ya muda ya kuniwezesha kutoka na kurudi ilikuwa haijanifikia. Ningetoka, pengine nisingerudi. Kwenye simu nilisema kazi imebana. Kadi ilipokuja ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka, nauli za kuja nyumbani zimepanda, arobaini imeshapita. Nikachukua ndege ya bei poa mpaka Malaga, kisha basi, nikaenda Granada.

Kule kuna Alhambra, kasri la masultani wa mwisho wa Kiislamu katika Hispania. Kutani wamechonga tena na tena, Wa la ghaliba illallah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Wenzangu kwenye foleni walikuwa wanasikiliza maelezo kwenye vifaa vya masikioni, mimi ninasoma mwenyewe, kwa herufi nilizofundishwa chuoni Ujiji, na baba ndiye aliyekuwa akimlipa ustadhi. Nikamsomea Fatiha palepale. Mtu mmoja akajitolea kunipiga picha, nikatabasamu. Nayo nikaiweka status.

Wiki mbili zilizopita, mbele ya wifi na mafundi waliokuja kutengeneza paa la mama, kaka akasema: “Kila picha uliyotuwekea ni tofali. Ungeyapanga ungekuwa na nyumba Mwandiga. Wenzako wamebaki hapa wanauza mawese na wamejenga. Wewe ulikuwa unakula bata, umerudi na mabegi mawili.” Nikanyamaza.

Nisaidie. Je, ni kweli nilipoteza pesa? Picha nizifute? Mama hajawahi kuniuliza hata neno moja kuhusu safari zangu, sijui ananionea aibu. Mwajiri wangu anasema nikitaka kurudi nafasi ipo, na kadi yangu bado ina miaka miwili, kwa hiyo sina haraka. Ila sitaki kurudi kule ionekane nimekimbia maneno.

Msafiri asiye na nyumba, Ujiji

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa baba, maana naona waliokupa pole ni wachache, na mama apate nafuu.

Kabla ya kaka, tuzungumze kadi. Umesema huna haraka. Unayo, tena kubwa. Tarehe iliyochapwa kwenye kadi isikudanganye: kwa sheria ya Ujerumani kibali cha kawaida cha ukaazi hufa chenyewe ukikaa nje ya nchi yao zaidi ya miezi sita, hata kama kadi inaonyesha miaka miwili mbele, isipokuwa ofisi yao ya wageni iwe imekuongezea muda kabla miezi hiyo haijaisha. Wewe umeshakula minne. Waandikie wiki hii. Eleza kuvunjika kwa mama, ambatanisha karatasi za hospitali zikiwa na tafsiri, mwombe mwajiri wako aandike kwamba nafasi yako ipo. Hata kama moyo wako unaelekea kubaki Kigoma, andika. Kubaki kwa kutaka ni jambo jema. Kubaki kwa sababu miezi ilipita ukiwa unawaza tofali, hapana.

Haya, kaka.

Barua yako imeipa Papenburg mistari mingi, injini umeipa maneno manane. Nimeyahesabu. Mtumbwi wa dagaa usio na injini, wewe mtoto wa ziwani unajua ni nini: ni kukodi ya mwenzako na kugawana naye, au kukaa nchi kavu ukitazama taa za wengine usiku. Kaka yako aliuza mkono wake wa kulia, akamuuguza baba, akasimama kaburini, akapokea wageni wa arobaini. Muda mfupi baadaye akafungua simu akakuona unatabasamu Hispania.

Fikiri alikuwa anajua nini siku ile. Alijua kazi imebana, kwa sababu ndivyo ulivyomwambia. Habari ya kadi iliyokwisha hakuijua. Kwako wewe ile ni picha ya mtoto anayemsomea baba yake Fatiha. Kwa aliyejua aliyoyajua yeye, ni picha ya mtu aliyekosa nauli ya mazishi akapata nauli ya matembezi. Amekaa na jambo hilo zaidi ya mwaka, na mtu haanzi tu kusema mbele ya mafundi wa paa, “Hukuja kumzika baba.” Akakamata tofali, maana ndilo lililokuwa karibu na mdomo.

Kwa hiyo usimjibu kuhusu nyumba. Ukianza kupiga naye hesabu za mifuko ya saruji mtafika usiku na hamjasema kitu. Subiri mbalamwezi, zile siku wavuvi wa dagaa wanapopumzika kwa sababu taa hazifanyi kazi, umfuate mwaloni akiwa ametulia anashona nyavu. Nenda peke yako, simu yenye picha iache nyumbani. Anza na injini. Sema unajua aliiuza na hujawahi kumshukuru ana kwa ana, kama kweli hujawahi, na kwa barua yako naona hujawahi. Kisha mweleze kadi: ilikwisha lini, mpya ilitoka lini, na katikati pale ulikuwa umefungwa vipi. Barua pepe ulizoandikiana na ofisi ile unazo bado. Huhitaji kumwonyesha, ila zisome mwenyewe kabla, ili tarehe zikutoke mdomoni bila kubabaika. Ya Granada mwambie mwisho, kwa kifupi, na usimpambie.

Wifi yako na mafundi wasikusumbue. Aliyekuaibisha mbele yao akishaelewa atajua mwenyewe namna ya kulirekebisha, na asipolirekebisha, mafundi wale wameshahamia paa lingine na maneno mengine.

Umeuliza kama ulipoteza pesa. Mimi ni mtu wa Tabora, na kwetu swali hilo ni la zamani kuliko ndege. Katika karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe, hapo kwetu Tabora, mpaka Bagamoyo, na misafara mingine ilianzia huko huko kwenu Ujiji. Kijana ambaye hajaiona pwani alichekwa. Aliyekwenda naye alitazamiwa arudi na kitu, kitambaa, shanga, na vingine vikageuka ng'ombe. Kudai kwamba safari irudi na mzigo hakukuanza na kaka yako wala na Ulaya, na simlaumu kwa kudai.

Tofauti iko hapa. Pagazi alilipwa vitambaa, akavibeba hadharani, kijiji kizima kikaviona. Wewe ulilipwa kwenye akaunti, ukatuma kwa simu, ada za wadogo zikalipwa kimyakimya, dawa za baba zikanunuliwa Mwanza na zikaisha. Kilichobaki kuonekana ni picha peke yake. Na status ilikuwa haina picha ya zamu ya usiku, wala ya kumgeuza mzee wa kilo tisini kitandani, wala ya ile Idi uliyoila kwenye chumba cha sare. Mtu akitazama simu anaona mwanamke anayezunguka miji mwaka mzima. Hata mimi ningeuliza nyumba iko wapi.

Toa taarifa zako za benki, orodhesha ulichotuma nyumbani tangu mwezi wako wa kwanza kule, mwaka kwa mwaka. Orodha hiyo si ya kumpiga nayo kaka usoni. Ni yako, uijue. Ninashuku utajikuta umejenga zaidi ya unavyodhani, ila umejenga ndani ya vichwa vya wadogo zako, na hao wanakula ugali wa nyumbani kwenu kila siku wakimsikia kaka anasema umerudi na mabegi mawili. Wao hawana la kusema? Waambie waseme.

Na mabegi mawili, kwani cheti kilipotelea wapi? Umeandika barua ndefu, ukataja kasri na makaburi ya watu, cheti cha uuguzi ulichokisotea kwa lugha ya kigeni hukukitaja hata mara moja kama kitu ulichorudi nacho. Ukibaki, anza mchakato wa kutambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, maana bila kusajiliwa nao huwezi kufanya kazi hiyo hapa. Una mgonjwa mmoja wa nyonga nyumbani. Wazee wa Kigoma waliovunjika nyonga wako wengi, na wanaojua kuwainua bila kuwaumiza ni wachache.

Safari zenyewe basi. Prague na Rotterdam siwezi kuzitetea, hata wewe hukuzitetea. Ila tiketi za basi la usiku hazijengi nyumba Mwandiga. Labda zingetoa msingi, na misingi iliyoota majani naiona kila ninapopita barabara yoyote inayotoka mjini, kwetu na kwenu. Mapagale yanayongoja mtu aliyeko mbali atume awamu ya pili. Mwenye pagale hasemwi, hilo ndilo linalonichekesha. Pesa iliyozama kwenye tofali inaheshimiwa hata kama hakuna anayelala ndani.

Kuna kitu katika barua yako ambacho nadhani hukukiona ulipokuwa unakiandika. Papenburg ulifuata Liemba. Berlin ulifuata mjusi wa Lindi. Lisbon ulimfuata mtu wa kwenye daftari lako la historia. Granada ulisimama mbele ya ukuta ukasoma kwa herufi za chuo cha Ujiji. Sijaona mtu aliyekuwa anakimbia kwao akatumia likizo zake hivyo.

Hilo mpelekee mama. Umesema hajakuuliza, ukahisi aibu. Mzee anayekubali kuogeshwa na binti yake hana aibu naye, hilo liondoe. Mara nyingi mzazi haulizi habari za mbali kwa kuhofia zitaamsha hamu ya kurudi mbali. Anza wewe, na anza na picha za Papenburg, kwa sababu Liemba anaijua kuliko wewe. Atakusahihisha mambo na atakusimulia safari zake mwenyewe za Karema na kina nani waliotapika njiani. Ya Granada mwonyeshe siku nyingine, mkiwa wawili, umwambie pale palisomwa nini na alisomewa nani. Kwa hiyo hapana, usifute picha hata moja. Status, hiyo punguza.

Limebaki la fedha, na hili huenda hulijui kabisa. Kila mwezi pale Ujerumani, tangu wakati wa mafunzo, ulikatwa asilimia 9.3 ya mshahara kwa ajili ya pensheni, na mwajiri akaweka kiasi kama hicho. Mtu wa nchi kama yetu, isiyo na mkataba wa hifadhi ya jamii na wao, aliyeondoka Umoja wa Ulaya, anaweza kuomba arudishiwe sehemu yake baada ya miezi 24 tangu michango isimame. Sehemu ya mwajiri hairudi. Kwa maelezo yako, mafunzo miaka mitatu na ajira ya mwaka na ushee, hujafikisha miezi 60 ya michango inayotakiwa ili upate pensheni ya uzeeni.

Lakini usikimbilie fomu. Ukirudishiwa, miaka hiyo inafutwa kwenye kumbukumbu zao, na ukirejea kazini unaanza sifuri. Ukirejea bila kuchukua, ukaongeza miezi michache tu kufikisha 60, unapata haki ya pensheni ya uzeeni, na hiyo wanaweza kukulipa hata ukiwa umekaa kibarazani Ujiji. Ndiyo maana nimeanza na kadi: amua kwanza unarudi au unabaki, fedha zifuate uamuzi. Tafuta namba yako ya bima ya pensheni, iko kwenye barua uliyotumiwa ulipoanza na kwenye taarifa za kila mwaka za mwajiri, uiweke pamoja na pasipoti. Fomu zinatolewa na Deutsche Rentenversicherung, shirika lao la pensheni, wenyewe, bure, kwa hiyo wakala atakayetaka asilimia mpishe apite.

Na hili usimweleze kaka siku ile ya mwaloni. Fedha ikitajwa pale mwaloni Kibirizi kabla haijaingia benki, kufika Ijumaa ina injini, ina mabati ya mama, na kuna binamu ameshatangaza harusi.